Shajara ya mradi: kuorodhesha na kuchora baronia za Burren na Corcomroe, parokia kwa parokia

14 Januari 2024: Kuanza

Shajara hii inafuatilia kazi ya kutengeneza sajili na ramani ya Kiswahili ya migawanyo ya kale ya ardhi kaskazini-magharibi mwa kaunti ya Clare, nchini Ireland, ninakoishi na familia yangu. Ninaiandika ili yeyote anayetaka kufanya kazi ya namna hii katika kaunti nyingine afuate hatua zangu na aepuke makosa niliyoyafanya. Chanzo chake ni cha nyumbani. Hati za mababu wa watoto wangu upande wa baba yao hutaja kaunti, baronia, parokia na taunlandi kwa pamoja, na watoto waliponiuliza baronia ni kitu gani sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Mama mkwe wangu, aliyezaliwa huko huko, hutaja taunlandi yake kila siku, lakini sijawahi kumsikia akitaja baronia.

Muundo wenyewe kwa ufupi ni huu. Kisiwa cha Ireland kina majimbo manne ya kale na kaunti 32. Kaunti zimegawanywa katika baronia zipatazo 330, chini yake zipo parokia za kiraia karibu 2,500, na chini ya parokia zipo taunlandi zaidi ya 60,000. Taunlandi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote yenye jina na mpaka rasmi. Inaweza kuwa na ekari chache au maelfu, na inaweza kuwa na nyumba nyingi au isiwe na hata moja.

Clare ina baronia 11: Bunratty ya Juu na ya Chini, Burren, Clonderalaw, Corcomroe, Ibrickan, Inchiquin, Islands, Moyarta, pamoja na Tulla ya Juu na ya Chini. Nimechagua mbili tu, Burren na Corcomroe, kwa sababu zinapakana, na kwa sababu kwa pamoja ndizo zilizofanya dayosisi ya kale ya Kilfenora, kwa hiyo mipaka ya kanisa na ya serikali inaweza kulinganishwa. Vifaa ni kompyuta ya nyumbani, lahajedwali, programu huria ya kuchora ramani iitwayo QGIS, na tovuti ya Logainm, ambayo ni hifadhidata rasmi ya majina ya mahali ya Ireland. Mpaka sasa sijatumia hata senti moja.

28 Januari 2024: Istilahi zilizonipotosha

Kosa la kwanza lilikuwa la lugha, nalo lilinigharimu rasimu yote ya kurasa kumi na moja. Nilidhani nimepata njia rahisi: baronia niliiita tarafa, parokia niliiita kata, na taunlandi niliiita kitongoji, ili msomaji wa Tanzania aone mara moja kipi kimo ndani ya kipi. Nilimpelekea rasimu dada yangu aliyeko Morogoro. Maswali aliyorudisha yalionyesha kwamba nimemdanganya bila kukusudia. Aliuliza afisa tarafa wa Burren anakaa mji gani, diwani wa kata ya Gleninagh huchaguliwa lini, na kitongoji kisicho na watu kinawezaje kuwa na mwenyekiti.

Maswali hayo yalikuwa ya haki kabisa. Tarafa, kata na kitongoji ni ngazi za utawala zilizo hai, zenye watu wa kuziongoza, ilhali baronia na parokia ya kiraia zilipoteza kazi zao za utawala baada ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1898, na tangu hapo hubaki katika hati za ardhi, katika ramani na katika kumbukumbu za kihistoria. Aidha, kitongoji ni watu na makazi yao, lakini taunlandi ni ardhi kwanza. Watu wakihama wote, taunlandi inabaki palepale na jina lake.

Nimebadilisha kila mahali. Sasa natumia baronia na taunlandi kwa matamshi ya Kiswahili, na parokia ya kiraia kwa ajili ya ile ngazi ya kati. Neno baronia nalo lina hatari yake, maana linamfanya msomaji amtafute baroni fulani, yaani mtu wa tabaka la mabwana, mwenye eneo hilo. Kufikia karne ya 17 baronia ya Ireland ilikuwa kipimo cha kukusanyia kodi na kugharimia barabara na madaraja, na nyingi zilichorwa juu ya milki za koo za Kigaeli, yaani koo za wenyeji wa asili wa Ireland, zilizokuwako kabla yake. Ufafanuzi huu nimeuweka mwanzoni mwa sajili, si katika tanbihi.

18 Februari 2024: Orodha ya parokia, na Clooney mbili

Orodha ya msingi nimeichukua katika faharasa ya taunlandi iliyochapishwa mwaka 1861 kutokana na sensa ya 1851, kisha nikailinganisha na Logainm. Burren imetoa Abbey, Carran, Drumcreehy, Gleninagh, Kilcorney, Killeany, Killonaghan, Kilmoon, Noughaval, Oughtmama na Rathborney. Corcomroe imetoa Clooney, Kilfenora, Killaspuglonane, Killilagh, Kilmacrehy, Kilmanaheen, Kilshanny na Kiltoraght. Kuziingiza kulichukua jioni mbili tu.

Tatizo lilianza nilipoingiza taunlandi za kaunti nzima kwa mkupuo mmoja na kuziunganisha na parokia kwa kutumia jina la parokia peke yake. Ramani ya majaribio ilionyesha Clooney ikiwa na vipande viwili, kimoja karibu na mji wa Ennistymon na kingine mashariki ya mji wa Ennis, mbali kabisa na cha kwanza. Sikushtuka, na hapo ndipo kosa lilipojificha, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma kwamba parokia za Ireland zinaweza kuwa na vipande vilivyotengana. Nilikaa na kosa hilo siku nane, hata nikaandika aya nzima ya kueleza namna mtengano huo ulivyoweza kutokea.

Ukweli ni kwamba Clare ina parokia mbili za kiraia ziitwazo Clooney, moja katika baronia ya Corcomroe na nyingine katika Bunratty ya Juu, na hazihusiani. Vivyo hivyo Kilmurry iko katika Ibrickan, na Kilmurry nyingine iko Clonderalaw. Hapo nimeelewa kwa nini waandishi wa hati za zamani walijipa taabu ya kutaja baronia kila mara: bila baronia, jina la parokia halitoshi kumwonyesha mtu mahali. Marekebisho ni kuunganisha kwa ufunguo wenye sehemu tatu, yaani kaunti, baronia na parokia, na kila parokia kupewa namba yake isiyobadilika. Aya ya maelezo nimeifuta.

Jambo la pili lililonisumbua ni abasia ya Corcomroe, ile ya watawa wa Cistercian, ambayo haimo katika baronia ya Corcomroe hata kidogo. Imo Burren, katika parokia iitwayo Abbey. Nilidhani nimekosea kuandika, nikaihamisha, kisha nikairudisha. Hapa jina halijakosewa. Ni la zamani kuliko baronia. Milki ya kale ya watu waitwao Corcu Modruad ilienea pande zote mbili, na baadaye ikagawanyika, Burren ikawa chini ya ukoo wa O'Loughlin na sehemu ya magharibi ikabaki na jina la Corcomroe chini ya ukoo wa O'Connor. Abasia iliendelea kubeba jina la milki nzima, na dayosisi ya Kilfenora iliendelea kushika mpaka wa milki nzima. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi wenye thamani kuliko yote ya mwezi huu.

10 Machi 2024: Ramani ambazo hazikuwapo

Nimepoteza saa 22 katika hatua hii, nami naieleza kwa urefu ili mwingine asizipoteze. Nilitaka mipaka ya karne ya 17, nikaenda moja kwa moja kwenye upimaji ulioongozwa na William Petty kati ya mwaka 1656 na 1658, uliofanywa ili kugawa ardhi iliyonyang'anywa wenye nchi, wengi wao Wakatoliki, baada ya vita vya Oliver Cromwell, kiongozi wa jeshi la Bunge la Uingereza. Ramani zake zilichorwa kwa baronia na kwa parokia, kwa hiyo nilidhani zitanipa kila kitu ninachohitaji. Nilitafuta Gleninagh, sikuona. Nilitafuta kwa tahajia nyingine, nikatafuta Drumcreehy, nikatafuta Kilfenora, kisha nikaanza kufungua ramani za kaunti jirani moja baada ya nyingine nikiamini zimewekwa mahali pasipo pake.

Ilinipasa kuanza na historia ya upimaji wenyewe. Connacht pamoja na Clare ilikuwa imeshapimwa katika miaka ya 1630 chini ya Thomas Wentworth, aliyekuja kuwa Earl wa Strafford, na wapimaji wa Petty hawakuirudia kazi hiyo katika Clare. Kwa Clare chanzo cha kutegemewa ni maandishi: vitabu vya upimaji na mgawanyo, vinavyotaja kwa kila baronia na kila parokia nani alikuwa mwenye ardhi mwaka 1641 na nani alipewa baadaye. Sehemu ya Clare ilichapwa mwaka 1967, na nakala iko maktaba. Ndani yake unaiona parokia ikibadilishiwa wenyewe, mstari kwa mstari, na sikuweza kuvisoma kwa moyo mwepesi.

Kwa hiyo mipaka ya ramani yangu inatoka katika karne ya 19. Upimaji wa taifa ulianza mwaka 1824 chini ya Thomas Colby, na ramani zake za inchi sita kwa maili zilikamilika kwa nchi nzima mwaka 1846. Mbele ya wapimaji ilitangulia idara ya mipaka ya Richard Griffith, ambayo iliajiri wenyeji wanaojua mipaka ya taunlandi ili watembee nayo na kuionyesha, kijito hiki, ukuta ule, jiwe lile. Mwaka 1839 John O'Donovan na Eugene O'Curry, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Clare, walizunguka kaunti hii wakikusanya majina na maana zake. Mpaka ninaouchora leo kwenye kioo cha kompyuta ulielekezwa kwanza na mkulima aliyekuwa akiukanyaga kila siku.

6 Aprili 2024: Ekari mbili tofauti

Kwa kila parokia nilitaka eneo lake, nikachukua vitabu vya zaka, vilivyokadiria zaka ya kanisa kwa kila mkulima, vya miaka ya 1823 hadi 1837, na tathmini ya Griffith, orodha ya ardhi na wakaaji wake iliyotumika kukadiria kodi, iliyochapishwa kati ya mwaka 1847 na 1864. Vyanzo hivi viwili vina uzito wa pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 iliteketea katika moto wa ofisi ya kumbukumbu mjini Dublin tarehe 30 Juni 1922.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Griffith huandika eneo kwa safu tatu, na mimi nilisoma 12, 2, 30 kama desimali. Safu ya pili ni robo za ekari, na safu ya tatu ni kipimo ambacho 40 zake hufanya robo moja. Kwa hiyo hiyo ni ekari 12, kuongeza nusu, kuongeza 30 gawanya kwa 160, jumla ekari 12.6875. Fomula moja katika lahajedwali imemaliza jambo hilo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa. Jumla ya parokia moja katika vitabu vya zaka ilikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi moja kuliko katika Griffith. Nilijieleza kwamba ardhi isiyotozwa zaka, kama vile miamba na nyika, haikuandikwa, na kwa kuwa Burren ni nchi ya mawe ya chokaa, maelezo hayo yalionekana kuwa na mantiki. Kisha nikalinganisha taunlandi moja moja, nikakuta tofauti ni ileile karibu kila mahali: mara 1.62. Ardhi ya mawe haiwezi kugawanyika kwa usawa namna hiyo. Wakusanyaji wa zaka walitumia ekari ya Ireland, yenye yadi za mraba 7,840, na Griffith alitumia ekari ya kisheria, yenye yadi za mraba 4,840. Asili ya tofauti ni fimbo ya kupimia, ambayo kwa Ireland ilikuwa na futi 21 na kwa Uingereza futi 16 na nusu.

Marekebisho: kila rekodi sasa ina safu inayotaja aina ya ekari, na hakuna kinachogeuzwa kuwa hekta mpaka safu hiyo ijazwe kwa kukiangalia kitabu chenyewe, maana si vitabu vyote vya zaka vinavyotumia ekari ya Ireland. Baada ya kugeuza, bado kuna parokia ambazo jumla zake hazilingani, na kwa hizo maelezo ya ardhi isiyotozwa zaka yanaweza kuwa sahihi.

27 Aprili 2024: Ramani iliyoangukia baharini

Orodha moja ya zamani ya magofu ya makanisa ilikuwa na viwianishi (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) vya gridi ya kale ya Ireland, na mimi niliiingiza kama ya mfumo mpya, ulioanza kutumika mwaka 2001. Makanisa yote yaliangukia katika bahari ya Atlantiki. Mfumo mpya uliongeza mita 400,000 upande wa mashariki na mita 500,000 upande wa kaskazini, kwa makusudi, ili mifumo hiyo miwili isichanganywe. Nilipoitangaza orodha kwa mfumo wake halisi na kuiacha programu ifanye ugeuzaji, kila kanisa lilirudi katika parokia yake. Usijaribu kutoa na kuongeza kwa mkono, kwa sababu utabaki na tofauti ya makumi ya mita, na makumi ya mita yanatosha kulivusha kanisa mpaka wa taunlandi.

25 Mei 2024: Parokia ya kiraia na parokia ya misa

Nimefanya safari tatu za gari kuhakiki kwa macho. Katika Oughtmama magofu matatu ya makanisa yako bondeni, juu ya njia ya kondoo. Jina lenyewe kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, ni Ucht Máma, kifua cha mwanya wa milima, na ukisimama hapo unaliona. Gleninagh, kando ya ghuba, ni Gleann Eidhneach, bonde la mtambaa unaoota juu ya kuta.

Huko Ballyvaughan, mji ulio katika parokia ya kiraia ya Drumcreehy, nilimwonyesha mzee mmoja ramani yangu. Aliitazama kwa adabu, akasema kwamba parokia yake haimo. Alikuwa na haki. Parokia za kiraia zilirithiwa kutoka kanisa la zama za kati na zikabaki na Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana, baada ya mageuzi ya kidini ya karne ya 16. Wakatoliki, waliokuwa wamenyang'anywa makanisa na mapato, walijipanga upya kwa parokia kubwa zaidi zilizounganisha kadhaa za kale, na hizo ndizo ambazo watu huzitaja leo wanaposema parokia yangu. Mkristo wa Afrika Mashariki atalielewa hili upesi, kwa kuwa Mkatoliki husema parokia na Mlutheri husema usharika, na mipaka yao katika wilaya moja haifanani.

Nimeongeza tabaka la pili la parokia za Kikatoliki, kwa rangi nyingine. Pia nimeacha kutafsiri kila neno linaloanza na Kil kama kanisa. Jirani anayezungumza Kigaeli alinionyesha kwamba linaweza kutoka kwa cill, kanisa, au coill, msitu. Kwa parokia mara nyingi ni kanisa, lakini kwa taunlandi ni lazima kutazama umbo la Kigaeli kwanza. Tafsiri 14 nimeziondoa hadi nizihakiki.

22 Juni 2024: Kuuvunja mti

Nilipojaribu kupanua sajili hadi mashariki mwa Clare, muundo wote ulikataa. Nilikuwa nimeujenga kama mti: kila taunlandi ina parokia moja, kila parokia baronia moja, kila baronia kaunti moja. Parokia ya Clonrush na sehemu ya parokia ya Inishcaltra zilikuwa za kaunti ya Galway, katika baronia iitwayo Leitrim, na baada ya sheria ya 1898 zikahamishiwa Clare. Hati ya mwaka 1850 inayosema Galway na kitabu cha leo kinachosema Clare vyote viwili ni sahihi. Kaunti ya Westmeath ilipotengwa na Meath mwaka 1543, baronia ya Fore ilibaki pande zote mbili. Zaidi ya hayo, miungano ya sheria ya maskini, yaani maeneo ya kusimamia misaada kwa maskini, iliyoanzishwa kuanzia mwaka 1838, ilichorwa kuzunguka miji ya soko bila kujali mpaka wa kaunti, na sensa za 1901 na 1911 hupangwa kwa maeneo ya uchaguzi yaliyotokana na miungano hiyo, si kwa parokia.

Sasa taunlandi ndiyo kitovu. Kila taunlandi inaunganishwa moja kwa moja na parokia, baronia, muungano na eneo la uchaguzi, na kila muunganisho una mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Kuhamisha data kumechukua saa 31. Anayeanza leo aanze hivi tangu siku ya kwanza, hata kama anashughulikia baronia moja tu.

29 Juni 2024: Gharama na hali ya kazi

Ramani ya karatasi ya eneo imegharimu euro 15. Kuchapa bango kubwa mara mbili ni euro 36, la kwanza likiwa limeharibika kwa sababu nililichapa kabla ya kuzitenganisha Clooney. Mafuta ya gari ni euro 60. Jumla ni euro 111, na saa zangu zinakaribia 150.

Parokia zote 19 zimo, zikiwa na mipaka, umbo la Kigaeli na vyanzo. Bango la pili nimelitundika jikoni kwa mama mkwe. Alivaa miwani, akaifuata taunlandi yake kwa kidole hadi kijito cha mpakani, akasema mstari ni sahihi, ila jina lilivyoandikwa na wapimaji silo walivyokuwa wakilitamka nyumbani kwao. Alilitamka mara mbili. Nimefungua safu mpya kwa ajili ya matamshi, na Jumamosi ijayo ninarudi kwake na kinasa sauti.